IFRS 18: faida ni ileile, mistari ndiyo inahama

Leja_Kuu ameandika:

Wadau, habari za leo. Kuna kauli kuhusu IFRS 18, kiwango kipya cha kimataifa cha kuandaa hesabu za kampuni, ninaisikia kila pembe, kwenye semina za wahasibu na kwa bosi wangu hapa Industrial Area: "IFRS 18 ni kupanga karatasi tu, faida haibadiliki, tutaishughulikia mwisho wa 2027." Kwamba faida haibadiliki ni kweli. Kwamba tusubiri mwisho wa 2027 ndiko kumenifanya nifungue uzi huu.

Kwa ambaye hajaifuatilia: IASB, ile bodi ya viwango iliyoko London, ilitoa IFRS 18 Aprili 2024 na inachukua nafasi ya IAS 1, kiwango cha zamani cha kupanga taarifa za hesabu. Inaanza kwa miaka ya hesabu inayoanza 1 Januari 2027 au baadaye. Haigusi namna ya kuthamini kitu chochote. Stoo itahesabiwa vilevile, uchakavu utakatwa vilevile. Kinachoguswa ni taarifa ya faida na hasara. Kila pato na kila gharama lazima iwe na kundi lake: uendeshaji, uwekezaji au ufadhili, mbali na kodi ya mapato na shughuli zilizositishwa ambazo zina nafasi zake. Halafu jumla mbili za katikati ni za lazima: faida ya uendeshaji, na faida kabla ya ufadhili na kodi ya mapato.

Mwenye hisa wa kawaida hawezi kuamini, lakini kwa miaka yote hii viwango havikuwahi kusema faida ya uendeshaji inaishia wapi. Kila kampuni ilijichorea mpaka wake, na kwa bahati ya ajabu mambo machungu yaliangukia chini ya mpaka.

Tuangalie kampuni ya kuagiza na kusambaza vifaa. Tarakimu ni za kubuni, kwa mamilioni ya shilingi. Leo inaandika hivi:

Mauzo 900
Gharama ya bidhaa zilizouzwa 640
Usambazaji na usimamizi 170
Faida ya uendeshaji 90

Chini yake: hasara ya ubadilishaji wa fedha 34 na riba ya mkopo 41. Pia kuna vitamu vidogo: pango la jengo inalolimiliki na kulipangisha 12, sehemu yake ya faida ya kampuni shirika (ile ambayo ina hisa humo bila kuitawala) 8, riba ya bili za Hazina 3. Faida kabla ya kodi, 38.

Sasa ipange kwa IFRS 18. Hasara ya 34 haiwezi kukaa mstari mmoja tena, inafuata kitu kilichoizaa. Ukiichambua, 25 ilitokana na madeni ya wauzaji wa nje wanaolipwa kwa dola, na 9 ilitokana na mkopo wa dola benki. Ya wauzaji inapanda juu, kwenye uendeshaji. Ya mkopo inaungana na riba kwenye ufadhili. Pango, kampuni shirika na bili za Hazina zinaingia uwekezaji.

Faida ya uendeshaji: 90 toa 25, inabaki 65
Uwekezaji: 23
Faida kabla ya ufadhili na kodi ya mapato: 88
Ufadhili: 50
Faida kabla ya kodi: 38

38 ni ileile hadi senti ya mwisho. Lakini mstari ambao mkurugenzi anautaja kwenye mkutano mkuu, benki inautumia kupima mkopo, na meneja wa mauzo analipiwa bonasi, umetoka 90 ukawa 65.

Na msidhani nimechagua mfano wa dola kwa kutia chumvi. Mnakumbuka Januari 2024 dola ilipopita shilingi 160, kisha ikarudi karibu na 130 kabla mwaka haujaisha. Muagizaji yeyote wa Nairobi alikuwa na namba nzito kwenye akaunti hiyo, kwanza hasara, halafu faida.

Sasa kwa nini nasema tusisubiri. Hesabu za 2027 zitawekwa kando ya za 2026, na hizo za 2026 lazima zipangwe upya kwa makundi mapya, pamoja na jedwali la kuonyesha kila mstari wa zamani umeenda wapi. Kwenye leja nyingi nilizoziona kuna akaunti moja tu inaitwa "tofauti ya ubadilishaji", na kila mtu anatupa humo. Karani anayepostia vocha leo bila kutenganisha mkopo na muuzaji anamwachia mwenzake kazi ya kufukua miamala ya mwaka mzima. Ofisini kwenu mmeanza?


Mzee_Kalamu ameandika:

Kijana, nakusalimu. Mimi niko kwenye hii kazi tangu Kenya ilipoanza kutumia viwango vya kimataifa mwaka 1999. Kila baada ya miaka michache tunaambiwa safari hii ni mageuzi makubwa, tulipie semina, tununue programu mpya, tumlipe mkaguzi ada ya ziada. Kisha mwaka unaisha na kampuni zilezile zinapata faida, zilezile zinakufa. Hii ni kupaka rangi nyumba ileile. Kama pesa benki haibadiliki na kodi haibadiliki, mimi silali macho.


Leja_Kuu ameandika:

Shikamoo mzee. Pesa haibadiliki, nakubali. Ila hata IFRS 16 ya mwaka 2019, kile kiwango cha mikataba ya pango, haikubadilisha pesa, pango lililipwa tarehe ileile kwa mwenye jengo yuleyule, na bado ilipindua mizania za watu, zile taarifa za mali na madeni. Naomba wakaguzi walio humu watusimulie.


Mkaguzi_Mtulivu ameandika:

Nimeitwa, nimekuja. Nitaieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu funzo lake kwa IFRS 18 ni kubwa.

Kabla ya 2019, chini ya IAS 17, pango la kawaida lilikuwa gharama ya mwezi na basi. Kampuni ingeweza kuwa na matawi mji mzima, imejifunga miaka sita sita kwa wenye majengo, na mizania yake haionyeshi deni hata la kioski. Sir David Tweedie, aliyekuwa mwenyekiti wa IASB, alikuwa na utani wake maarufu: kwamba kabla hajafa anatamani kupanda ndege ambayo imo kwenye mizania ya shirika la ndege linaloirusha. IFRS 16 ilitoka Januari 2016 na ikaanza kutumika 1 Januari 2019. Tangu hapo ahadi ya kulipa pango ni deni, na haki ya kutumia jengo ni mali.

Chukua duka ndani ya mall, pango shilingi milioni 2.4 kwa mwaka, mkataba wa miaka mitano. Tuseme kampuni ingekopa kwa asilimia 13, na kwa urahisi wa hesabu pango linalipwa mwisho wa mwaka. Thamani ya leo ya malipo hayo matano ni kama milioni 8.44. Hiyo inaingia pande zote mbili za mizania siku ya kwanza. Mwaka wa kwanza gharama si 2.4 tena: ni uchakavu wa 1.69 na riba ya 1.10, jumla kama 2.79. Mwaka wa tano uchakavu ni uleule lakini riba imeshuka hadi 0.28, jumla 1.96. Ukijumlisha miaka yote unapata milioni 12, sawa na pango lenyewe. Pesa haikuongezeka wala kupungua, ila gharama imeegemea miaka ya mwanzo. Kampuni inayofungua matawi kwa kasi inaonekana imelemewa zaidi ya ile iliyotulia.

Na ebitda, ile faida kabla ya riba, kodi na uchakavu, ikapanda ghafla, kwa sababu pango liliondoka juu likageuka uchakavu na riba. Nilikutana na menejimenti moja iliyotaka kujisifu kwamba "ufanisi umeongezeka" mwaka ule. Tuliwaomba waifute ile sentensi.

Lakini kilichotutoa jasho haikuwa hesabu, ilikuwa mikataba. Unaomba mkataba wa ghala la Mlolongo, unaambiwa uko kwa wakili. Wa tawi la tatu haujasainiwa, wanaendelea kwa barua tu. Mwingine una kipengele cha kuongeza muda na hakuna anayejua kama menejimenti inakusudia kukitumia. Ada ya huduma imechanganywa na pango kwenye ankara moja. Waliokusanya mikataba 2018 walimaliza kwa amani. Waliosubiri tuwaulize walikuwa wakitafuta karatasi Machi 2020, na mnajua Machi 2020 ilikuwaje.


Mama_Hisa ameandika:

Asanteni kwa darasa. Mimi si mhasibu, nina hisa zangu chache tu pale Soko la Hisa la Nairobi na ninasoma matokeo gazetini. Swali langu ni hili. Kenya Airways mwaka 2023 ilitangaza faida ya uendeshaji ya shilingi bilioni 10.5, na taarifa hiyohiyo inasema hasara baada ya kodi bilioni 22.7. Jirani yangu aliniambia wanatudanganya. Je, hicho kiwango kipya kingezuia mambo kama hayo?


Leja_Kuu ameandika:

Mama, hapo hakukuwa na udanganyifu, na naomba jirani apunguziwe hasira. Kampuni yenyewe ilieleza kwamba kushuka kwa shilingi kuliyavimbisha madeni yake ya fedha za kigeni. Mwaka uliofuata shilingi iliimarika na kampuni ikatangaza faida ya bilioni 5.4. Ndege zilikuwa zinaruka miaka yote miwili.

Pengo kama hilo halitatoweka. Hasara ya ubadilishaji inayotokana na mkopo wa benki itakaa ufadhili, chini ya faida ya uendeshaji. Utakachopata wewe ni uhakika kwamba mstari huo umechorwa kwa kanuni moja kwa kampuni zote. Leo ukilinganisha faida ya uendeshaji ya kampuni mbili za saruji huenda unalinganisha vitu viwili tofauti, moja imeweka humo sehemu ya faida ya kampuni shirika, nyingine haikuweka. Kuanzia 2027 faida ya kampuni shirika inayohesabiwa kwa mbinu ya hisa, yaani kwa kuchukua sehemu yako ya faida yake, itakuwa uwekezaji kwa wote.

Na usisubiri ripoti ya mwaka. Kampuni inayofunga Desemba itabidi itoe matokeo ya nusu mwaka ya Juni 2027 kwa vichwa vipya. Safaricom inafunga Machi, kwa hiyo mwaka wake wa kwanza mzima utaanza Aprili 2027.


Mama_Hisa ameandika:

Na hii "faida rekebishi" wanayoiweka kwenye slaidi? Kuna kampuni kila mwaka ina "gharama za mara moja". Mara moja kila mwaka!


Mkaguzi_Mtulivu ameandika:

Mama umegusa sehemu ninayoipenda kuliko zote. Kiwango kipya kinasema: kama menejimenti inatumia kipimo chake cha faida kwenye mawasiliano yake na umma kueleza utendaji wa kampuni nzima, na kipimo hicho si miongoni mwa jumla zilizotajwa na viwango, basi kiwekwe kwenye maelezo ya hesabu. Waeleze kwa nini wanakitumia, wanakipataje, na walinganishe hatua kwa hatua na jumla ya karibu inayotambulika, pamoja na athari ya kodi ya kila marekebisho. Na kwa kuwa kimo ndani ya hesabu, mkaguzi atakikagua. Hapo zamani kilikaa kurasa za mbele karibu na picha ya mwenyekiti, sisi tukapita tu.

Wakibadilisha namna ya kukikokotoa, lazima waseme na watoe sababu. Ile tabia ya kuiondoa gharama fulani mwaka mbaya na kuirudisha mwaka mzuri itaonekana mchana kweupe.

Kuna mwanya lakini. Maneno ya mdomo hayahesabiki, wala posti za mitandao ya kijamii. Mkurugenzi anaweza kusema redioni anachotaka. Pia idadi ya wateja au mtiririko huru wa fedha si vipimo vya faida, havimo.


Karani_wa_Mikopo ameandika:

Salamu kutoka Upper Hill. Nafanya kazi upande wa mikopo ya biashara benki, na mfano wa Leja_Kuu umenitia baridi. Mkataba wetu wa kawaida unasema faida ya uendeshaji iwe angalau mara mbili ya riba. Kwa mpangilio wa zamani mteja wake ana 90 kwa 41, karibu mara 2.2, amepita. Kwa mpya ni 65 kwa 41, mara 1.6, ameanguka. Biashara ileile, mwezi uleule.

Na kuanguka si jambo la kuandikiana barua za upole. Ukivunja sharti kufikia siku ya kufunga hesabu na benki haijakupa nafuu kabla ya siku hiyo kupita, mkopo wote wa miaka mitano unahamia kwenye madeni ya muda mfupi. Hapo hata wauzaji wako wakisoma mizania wanaanza kudai pesa mkononi. Na tangu Januari 2024 hata kama hujavunja, kuna maelezo ya kutoa kuhusu mikopo ya muda mrefu yenye masharti ya kutimiza ndani ya miezi kumi na miwili ijayo.

Baadhi ya mikataba yetu ina kipengele kinachosema masharti yatapimwa kwa kanuni za uhasibu zilizokuwepo siku ya kusaini. Mingi ya wateja wadogo haina. Ushauri wangu kwa wenye kampuni: njooni mapema, mkiwa na hesabu zote mbili mezani, ya zamani na mpya. Ofisa wa mikopo akielewa kwamba kilichohama ni mstari tu, kurekebisha sharti ni kazi ya kamati moja. Ukija baada ya kuvunja, faili lako linakwenda kwa watu wengine kabisa, na wale hawanywi chai na wateja.


Mzee_Kalamu ameandika:

Hii ya benki sikuwa nimeisikia ikisemwa waziwazi. Kwenye semina tulionyeshwa slaidi za makundi tu, mpaka saa ya chakula.

Swali. Benki zenyewe je? Riba kwao ni biashara. Iende ufadhili?


Karani_wa_Mikopo ameandika:

La, mzee. Anayekopesha wateja kama shughuli yake kuu, riba hiyo inabaki uendeshaji. Vilevile kampuni ambayo kazi yake ni kumiliki majengo ya kupangisha: pango kwake ni uendeshaji, wakati kwa msambazaji wa Leja_Kuu pango lilelile ni uwekezaji. Shida itakuwa kwa wale wenye mguu huku na huku.


Kijana_CPA ameandika:

Niaje wadau. Nasomea CPA hapa mjini, na kusema kweli uzi huu umenifungua macho. Lecturer alituambia tu "tatu, mbili, moja": makundi matatu, jumla mbili, maelezo mamoja. Sasa kwa mtiririko wa fedha kuna kitu kimeguswa ama tunaacha tu vile ilivyo?


Leja_Kuu ameandika:

Kimeguswa, kijana, na ni rahisi kukisahau kwenye mtihani. Kwa ile mbinu iitwayo njia isiyo ya moja kwa moja, inayoanzia faida na kuirekebisha hadi kufikia pesa, sote tutaanzia faida ya uendeshaji. Leo mwingine anaanzia faida kabla ya kodi, mwingine baada ya kodi. Na ule uhuru wa kuchagua mahali pa kuweka riba umeondolewa kwa kampuni za kawaida: riba unayolipa na gawio unalolipa ni ufadhili, riba na gawio unayopokea ni uwekezaji. Kampuni nyingi hapa huweka riba wanayolipa kwenye uendeshaji, kwa hiyo 2027 pesa kutoka uendeshaji itaonekana imenona bila mtu kuuza hata msumari mmoja zaidi. Mama_Hisa, hilo pia liweke akilini.


Duka_la_River_Road ameandika:

Mimi nauza spea. Kampuni yangu imesajiliwa, nina mhasibu anakuja mwisho wa mwezi, na mkaguzi mara moja kwa mwaka kwa sababu benki inataka hesabu zilizokaguliwa. Haya yote yananihusu ama nirudi kwa wateja wangu?


Mkaguzi_Mtulivu ameandika:

Rudi kwa wateja kwanza, kaka, halafu umuulize mkaguzi wako swali moja: hesabu zangu zinatumia IFRS kamili au ile IFRS ya biashara ndogo na za kati? Kenya iliiruhusu hii ya pili tangu 2010, na jibu liko kwenye kurasa za kwanza za maelezo ya hesabu zako. Kama ni hiyo, IFRS 18 haikuhusu, na hata yale ya IFRS 16 hayakuhusu, pango lako linabaki gharama kama zamani.

Lakini hiyo nayo ina toleo la tatu, lilitoka Februari 2025 na linaanza 1 Januari 2027 vilevile. Sura ya mapato imeandikwa upya kufuata hatua tano za IFRS 15, kiwango cha mapato. Kwa muuzaji wa spea wa kulipwa papo hapo haitatikisa kitu. Ukiuza injini na kuahidi kuifanyia sevisi mwaka mzima bila malipo, hapo sehemu ya bei si mapato ya leo. Huenda ukashangaa ni mara ngapi unatoa ahadi kama hiyo kaunta.

Na kwa kampuni tanzu ambazo mzazi wake yuko nje na anataka hesabu za IFRS kamili, kuna IFRS 19, inapunguza maelezo. Ni hiari.


Msambazaji_wa_Kaunti ameandika:

Nikiwa nasoma nimekumbuka kilio changu. Mimi nauzia serikali za kaunti vifaa vya hospitali. Tangu IFRS 9, kiwango cha madeni na mali nyingine za kifedha, ianze 2018, mkaguzi ananikata. Zamani nilikuwa naweka tengo, yaani kiasi cha kubeba hasara ya deni, pale tu deni linapoonyesha dalili ya kufa. Sasa ananiambia nikadirie hasara ya maisha yote ya deni tangu siku ninayotoa ankara, kwa jedwali la umri: siku 30, 60, 90, mwaka. Deni la kaunti halifi, linalala. Kaunti haiwezi kufilisika na kufunga geti. Mbona nibebe hasara kwa mdaiwa ambaye hatimaye atalipa?


Mkaguzi_Mtulivu ameandika:

Nakuonea huruma, ila hasara hiyo ina sehemu mbili na wewe unajibu moja. Hata ukilipwa yote baada ya miaka minne bila riba, shilingi ya miaka minne baadaye si shilingi ya leo. IFRS 9 inataka uhesabu kuchelewa pia. Lete historia yako ya kulipwa, kaunti kwa kaunti. Nina mteja aliyeonyesha kaunti mbili zinalipa kabla ya Juni kila mwaka, na tengo lake kwa hizo likapungua sana. Anayenikabidhi jedwali moja la jumla namkata kwa wastani.

Usitarajie tengo hilo likusaidie kodi lakini. KRA hukubali deni baya lililothibitika baada ya jitihada za kulidai kushindikana, tengo la jumla haliwi punguzo.


Mzee_Kalamu ameandika:

Na kodi kwa hii mpya?


Mkaguzi_Mtulivu ameandika:

Haiguswi, mzee. Mapato yanayotozwa kodi yanapatikana kwa Sheria ya Kodi ya Mapato, si kwa kundi ulilopanga gharama. Kazi iko pale programu yako ya kukokotoa kodi inapovuta tarakimu kwa jina la mstari wa zamani. Ukibadilisha mistari, zile fomula za Ekseli zinavuta sifuri na hakuna anayegundua mpaka Juni.


Leja_Kuu ameandika:

Ngoja niseme tulichoanza kufanya sisi, labda kitamfaa mtu. Hatukugusa programu. Tulichapisha orodha yote ya akaunti, tukaweka safu pembeni: U, W au F. Zile zilizokataa kupata herufi moja ndizo tulizokaa nazo. Hazikuwa nyingi: tofauti ya ubadilishaji, "mapato mengineyo", "gharama nyingine", na ada za benki. Kwenye ada za benki kulikuwa na ada ya kupanga mkopo imelala pamoja na ada za kutuma pesa kwa simu. Ya kwanza ni ufadhili, ya pili ni uendeshaji.

Hiyo "mapato mengineyo" iangalieni sana. Kiwango hakipendi kapu lisilo na jina. Ukiita mstari "mengineyo" ujue una wajibu wa kutafuta jina linaloeleza zaidi. Ya kwetu ilikuwa na mauzo ya vyuma chakavu, pango, fidia ya bima na salio la zamani la muuzaji aliyepotea, vyote kwa pamoja.

Kisha tukagawanya akaunti ya ubadilishaji mara tatu: wauzaji na wateja, mikopo, na akaunti za benki za dola. Karani alilalamika siku chache tu.


Kijana_CPA ameandika:

Hiyo ya tatu inaenda wapi? Salio la dola benki?


Leja_Kuu ameandika:

Uwekezaji. Mapato yatokanayo na fedha taslimu na vinavyofanana nazo ni uwekezaji kwa kampuni kama yetu, na tofauti ya ubadilishaji inafuata hapohapo.


Mzee_Kalamu ameandika:

Basi nipimeni na hili. Machi tuliuza lori letu kuukuu, tukapata faida ya milioni mbili juu ya thamani ya vitabuni. Tumeliweka chini, mbali na faida ya uendeshaji, kwa sababu kuuza malori si kazi yetu. Vijana wangu wawili hawaelewani, mmoja anasema uwekezaji.


Leja_Kuu ameandika:

Ni uendeshaji, mzee. Lori lilikuwa linabeba mali ya biashara pamoja na vifaa vingine, halikuwa linaleta pato peke yake kama jengo la kupangisha au bili ya Hazina. Na uendeshaji ndilo kundi la kupokea kila kisichoingia mengine, hata kikiwa cha ajabu au cha mara moja. Fidia ya bima ya stoo iliyoungua nayo ingeingia humohumo.

Ila huyo kijana wako ana haki nusu. Kwenye mtiririko wa fedha, pesa iliyopokelewa kwa lori inabaki shughuli za uwekezaji, IAS 7 haijahamisha hilo. Makundi ya taarifa hizi mbili yana majina yanayofanana lakini mipaka yake si mmoja. Huenda yeye alikuwa anaangalia taarifa hiyo.


Mzee_Kalamu ameandika:

Ndivyo, alikuwa ameishika hiyo. Sawa. Ile orodha yako ya akaunti yenye herufi pembeni, ondoa tarakimu za kampuni yenu unitumie inboksi. Nataka niketi nao Jumatatu kabla hatujafunga mwezi.


Leja_Kuu ameandika:

Imefika, mzee. Angalia safu ya mwisho, zilizopakwa njano ni zile ambazo mkaguzi wetu bado hajakubaliana nasi.